Mwanangu hatulii darasani: ni macho au ni ADHD?

*Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miaka 8, yuko darasa la tatu hapa Morogoro. Mwalimu wake ameniita mara tatu muhula huu. Anasema hatulii, hamalizi kazi za kuandika, akisoma anaruka mistari, kisha anainuka na kwenda kuwasumbua wenzake. Wifi yangu ni muuguzi, anasema hizo ni dalili za ADHD, ile hali ya mtoto kukosa umakini na utulivu, na dawa zipo. Jirani anasema mwanawe alikuwa hivyohivyo akapona kwa miwani. Nilimpeleka kwenye duka la miwani, akasoma herufi zote za ukutani, wakasema macho yake mazima. Sasa nimeona kwenye simu wanatangaza mazoezi ya macho yanayotibu ADHD kwa miezi mitatu, na bei yake si ya kitoto. Nimfuate nani?*
*Mama wa watoto wawili, Morogoro*

Marahaba mama, na pole. Kuitwa shule mara tatu ndani ya muhula mmoja kunachosha, hasa ukirudi kila mara na neno lilelile, "mtundu", bila mtu wa kukuonyesha pa kuanzia.

Jirani yako amekushauri vizuri kutaja macho, na wifi yako hajakosea kutaja ADHD. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi kwa mtoto huyohuyo mmoja. Kabla ya kufika huko, turudi kwanza kwenye lile duka la miwani, kwa sababu hapo ndipo wazazi wengi wanapotulizwa mapema mno.

Zile herufi za ukutani zinapima jambo moja tu: mtoto anaona nini akiwa mbali, kwa kawaida mita 6, kwa sekunde chache, akiwa na hamu ya kumfurahisha mtu mzima aliyesimama mbele yake. Daftari liko sentimita 30 hivi kutoka usoni, na analiangalia dakika 40 mfululizo. Hizo ni kazi mbili tofauti. Mtoto anaweza kuifaulu ya kwanza bila kosa hata moja na kushindwa kabisa ya pili.

Lenzi ya jicho la mtoto ni laini. Mtoto ambaye macho yake yana shida ya kuona karibu huikaza lenzi hiyo mpaka picha inyooke, na hufanya hivyo bila mwenyewe kujua. Ni kama kubeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja kutoka bombani. Hatua za mwanzo unatembea kama kawaida. Ukikaribia nyumbani mkono unatetemeka, unahamisha ndoo, unaitua chini, unapumzika. Mtoto huyu naye anasoma mistari mitatu vizuri kabisa, wa nne unaanza kuwa na ukungu. Anainua kichwa, anatazama dirishani, anamgeukia jirani yake, anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Macho yake yametua ndoo. Mwalimu mwenye watoto 80 mbele yake anaona mtoto asiyetulia, na simlaumu.

Tena mtoto hatakwambia. Hajawahi kuwa na macho mengine ya kulinganisha nayo, anadhani herufi zinamfanyia kila mtu hivyo. Niliwahi kumwona mvulana wa miaka 9 aliyekuwa amechapwa mara kadhaa kwa uvivu wa kuandika. Tulipomtilia matone ya kutanua mboni tukakuta anahitaji lenzi za +4 (alama ya + ni ya lenzi za kusaidia kuona karibu). Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kumwambia mama yake kwamba maandishi yanapotea. Akanijibu, "Nilijua vitabu ndivyo vilivyo."

Huko Marekani kuna utafiti uliowachunguza watoto wa miaka 4 na 5 wenye shida hii ya kuona karibu, ya kiasi cha +3 mpaka +6, ambao hawakuwa wakivaa miwani. Ukiwalinganisha na wenzao wenye macho ya kawaida, walifanya vibaya zaidi katika vipimo vya maandalizi ya kusoma, na pia katika vipimo vya umakini wa kuangalia. Hao hawajafika hata darasa la kwanza. Kwa hiyo mtu akikwambia "hiyo ni shida ya wazee, mtoto hana haja ya miwani ya kusomea", usimsikilize.

Tatizo la pili halionekani kabisa kwenye herufi za ukutani. Tunaposoma, macho yote mawili hugeuka kidogo kuelekea puani ili yatazame herufi moja kwa pamoja. Kwa watoto wengine macho hayakutani inavyotakiwa, au yanakutana kwa dakika chache kisha yanaachana. Herufi zinakuwa mbili, zinaogelea, mstari wa juu unaingia wa chini. Huku kuruka mistari alikokwambia mwalimu ndiko kulikonifanya niliwazie tatizo hili nilipokuwa nasoma barua yako.

Unaweza kulitazama nyumbani leo jioni. Chukua kalamu, mwambie akazie macho ncha yake, kisha isogeze taratibu kutoka urefu wa mkono kuelekea katikati ya pua. Aseme "mbili" pale anapoanza kuona kalamu mbili, nawe tazama kama jicho moja linakimbilia nje. Macho mazima hufuata kalamu mpaka karibu sana, pungufu ya sentimita 6 kutoka usoni. Jicho likikimbia kalamu ikiwa bado mbali zaidi ya hapo, na likarudia hivyo mara tatu nne, mwambie daktari. Kipimo hiki cha nyumbani hakitoshi kumpa mtoto jina la ugonjwa, lakini kinampa daktari pa kuanzia.

Uhusiano wa tatizo hili na ADHD umeandikwa. Mwaka 2005 wataalamu wa macho wa San Diego, Marekani, walipitia mafaili ya wagonjwa 266 wenye macho yasiyokutana. Karibu mmoja kati ya kila kumi alikuwa ameshawahi kuambiwa ana ADHD, kiasi kinachokaribia mara tatu ya kile kilichokuwa kikitajwa kwa Wamarekani kwa jumla. Wakaligeuza swali, wakatazama wale wenye ADHD: karibu 16 katika kila 100 walikuwa na tatizo hilo la macho. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama huko Birmingham nao walichambua majibu ya wazazi wa watoto zaidi ya 75,000 wa miaka 4 mpaka 17. Miongoni mwa watoto wenye shida ya kuona isiyoweza kurekebishwa kwa miwani, asilimia 15.6 walikuwa na ADHD. Miongoni mwa wengine ilikuwa asilimia 8.3.

Takwimu hizi ndizo zinazotumiwa na wale wanaotangaza mazoezi kwenye simu yako, kwa hiyo tuzisome kwa utulivu. Kukuta vitu viwili katika nyumba moja hakukuambii kipi kilimleta mwenzake. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, kwa mfano, ana hatari zaidi ya matatizo ya macho na ana hatari zaidi ya ADHD. Huyo ana vyote viwili, na chanzo ni cha tatu. Halafu kuna jambo la maswali yenyewe. Dodoso tunalotumia kwa macho yasiyokutana lina maswali 15: unapoteza umakini ukisoma? unasoma polepole? unapotea mstari? unarudia mstari uleule? Dodoso la ADHD nalo linauliza kama mtoto hudumu kwenye kazi, kama hukwepa kazi za kufikirisha, kama hufanya makosa ya kutoangalia. Mama mmoja akijibu yote mawili kwa ukweli kuhusu mtoto mmoja, anaweza kupata alama za juu kote kote. Ndiyo maana nasisitiza macho yapimwe kwa vifaa, na yasihukumiwe kwa dodoso peke yake.

Sasa hayo mazoezi. Kwa macho yasiyokutana, mazoezi yanasaidia kweli. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha watoto 221 wa miaka 9 mpaka 17, kwa wiki 12. Waliofanya mazoezi kliniki na mtaalamu, wakaongezea ya nyumbani, asilimia 73 walipona au walipata nafuu. Waliosogeza kalamu nyumbani tu walikuwa asilimia 43, na waliopewa mazoezi ya kuigiza yasiyo na dawa ndani yake asilimia 35. Kwa hiyo tatizo hilo lina tiba, na tiba yake ni ya kliniki zaidi kuliko ya simu.

Watafiti haohao wakaenda hatua moja mbele. Waliwachukua watoto 311 wa miaka 9 mpaka 14 wakauliza: macho yakikutana vizuri, je, mtoto ataelewa zaidi anachosoma? Je, umakini wake utapanda? Baada ya wiki 16, watoto wa mazoezi ya kweli hawakuwazidi wale wa mazoezi ya kuigiza katika kuelewa wanachosoma, wala katika umakini. Makundi yote mawili yalipanda kidogo. Mtoto anayekaa na mtu mzima mpole kila wiki, akasifiwa akifanya vizuri, huwa anapanda, na hilo silidharau hata kidogo. Lakini mama, usitoe akiba yako kununua mazoezi ya macho kwa ajili ya kutibu ADHD. Anayekuuzia kwa jina hilo anakuuzia kitu ambacho kilipimwa kwa haki na hakikuonekana. Ikithibitika macho ya mwanao hayakutani, mazoezi yatafutwe kwa sababu ya macho: apunguze kuumwa kichwa, aache kuona maneno mawilimawili.

Nikuambie na kisa kilichonifundisha adabu. Nilimtibu msichana wa miaka 10 mwenye shida ya kuona karibu. Miwani ikampendeza, maumivu ya kichwa yakaisha, mwandiko ukanyooka. Mama yake akarudi baada ya miezi minne amekata tamaa: bado anapoteza daftari kila wiki, bado anaanza kazi tano bila kumaliza hata moja, bado anamkatiza kila anayeongea. Nilikuwa nimemwacha aamini kwamba miwani itamaliza yote, kwa sababu hakuuliza nami sikusema. Alipopelekwa kwa daktari wa afya ya akili ya watoto, akakutwa na ADHD. Alikuwa nayo siku zote. Tulichokuwa tumefanya ni kuondoa pazia la mbele, likabaki la nyuma. Tangu siku hiyo nalisema jambo hili kabla sijaandika namba ya miwani.

Utatofautishaje basi? Tazama ni wapi na ni wakati gani anapotawanyika. ADHD haingoji kitabu. Madaktari wanaotumia vigezo vya Marekani hutaka dalili zisizopungua sita kati ya tisa, kwa muda wa miezi sita au zaidi, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, tena zionekane katika mazingira mawili au zaidi: shule na nyumbani, au nyumbani na kwa shangazi. Ukimtuma dukani vitu viwili, anarudi na kimoja na chenji kaiangusha? Mkila, anaweza kukaa mpaka sahani iishe? Ukimsimulia hadithi taa ikiwa imezimwa, anaifuata mpaka mwisho? Hadithi ya gizani haihitaji macho. Mtoto anayeifuata nusu saa nzima, akakurekebisha ulipokosea jina la sungura, lakini akavunjika dakika ya tano ya kitabu, huyo macho yake nayatilia shaka kwanza.

Kama anakwenda madrasa au anaimba kwaya ya watoto, muulize ustadhi au mwalimu wa kwaya swali moja: anashika vipi anachofundishwa kwa kusikia, na anafanya vipi akiambiwa asome mwenyewe? Nimepata majibu ya maana sana kwa swali hilo, kuliko kwa vifaa vingine vya bei. Tofauti kubwa kati ya sikio na jicho inaelekeza kwenye macho, au kwenye ugumu wa kusoma wenyewe, ambao nao hautibiwi kwa miwani na unahitaji mwalimu wa mahitaji maalumu.

Tahadhari moja: usiseme "hana ADHD, mbona katuni anatulia saa mbili". Mtoto mwenye ADHD anaweza kuzama kwenye katuni au mchezo wa simu mpaka usimsikie. Kinachomshinda ni kuelekeza umakini pale asipovutwa.

Kuna jambo lingine la huku kwetu ambalo halipo sana kwenye utafiti wa Marekani lakini lipo sana kliniki zetu: mzio wa macho. Mtoto anasugua macho mchana kutwa, anapepesa, anakwepa mwanga, weupe wa jicho unakuwa kama wa udongo, anatoa uzi mweupe wa tongo. Hakuna anayeweza kufuata hesabu za kugawanya huku macho yanamwasha hivyo. Huyu anatibika. Ninachokuomba ni usinunue matone dukani kwa mazoea. Mengi ya yale yanayotuliza upesi yana steroidi, na kuyatumia miezi bila daktari kunaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Nimeona macho yaliyopotea kwa njia hiyo kwa watoto waliokuwa na muwasho tu.

Mengine ambayo daktari wa watoto atayaangalia nitayapita haraka: masikio, kukoroma na usingizi mbovu kwa sababu ya nyama za pua, upungufu wa damu, na kile kifafa cha kuduwaa ambapo mtoto anakatika sekunde chache na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Uchunguzi unaoutaka ni huu, na uombe kwa maneno haya: apimwe kuona mbali na karibu, kila jicho peke yake, aangaliwe makengeza, pamoja na yale ya kujificha, apimwe jinsi macho yanavyokutana, na apimwe miwani baada ya kutiliwa matone ya kutanua mboni. Hilo la mwisho ndilo duka la miwani halikufanya. Matone yanailegeza lenzi isikazike, na hapo ndipo ukubwa halisi wa shida unapojitokeza. Na kwa mtoto asiyetulia ni kipimo cha heri, kwa sababu daktari anamulika jicho na kusoma mwanga unavyorudi. Mtoto hahitaji kujibu wala kukisia chochote. Anza kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Morogoro. Wakiona haja watakuandikia rufaa kwenda Dar es Salaam, CCBRT au Muhimbili, ambako kuna wataalamu wa macho ya watoto. Siku hiyo asiende shule. Kulingana na aina ya matone, hataona vizuri karibu kwa siku moja au hata siku kadhaa, na jua litamsumbua, kwa hiyo mbebee kofia.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona mboni inang'aa nyeupe, hata kama ni kwenye picha za simu tu. Makengeza yaliyoanza ghafla. Au kichwa kinachomuuma asubuhi pamoja na kutapika. Hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu dawa ya ADHD, mimi ni daktari wa macho na siyo wa kuianza. Ila sikubaliani na wanaowatisha watu kuihusu. Kwa mtoto wa miaka 8 aliyechunguzwa vizuri, dawa pamoja na mafunzo ya malezi kwa wazazi na mpango wa darasani husaidia wengi. Methilfenideti, ambayo ndiyo inayotumika sana, huwafanya baadhi ya watumiaji waone ukungu, na hiyo ni sababu nyingine ya kujua hali ya macho yake kabla hajaianza. Na kama ataanzishiwa, halafu miwani ikapatikana, usiiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.

Akipewa miwani, kazi bado. Katika jaribio moja la shule za sekondari Dar es Salaam, lililochapishwa 2008, hata wanafunzi waliopewa miwani bure, baada ya miezi mitatu ni asilimia 47 tu waliokutwa nayo shuleni. Walioandikiwa namba tu wakanunue wenyewe walikuwa asilimia 26. Mwanao ataitwa "macho manne", ataificha mfukoni. Mwache achague fremu mwenyewe, nunua na kamba ya kuishikilia shingoni, na mweleze mwalimu mbele yake kwamba ni agizo la daktari. Mpe miezi miwili ya kuivaa kweli. Kisha mwombe mwalimu aandike upya yale aliyokwambia muhula huu, moja moja, yapi yamepungua na yapi yako palepale. Karatasi hiyo ndiyo utakayompelekea daktari wa afya ya akili ya watoto, na itamwokolea muda mwingi. Ikiwa macho yatakutwa mazima kabisa, usingoje hiyo miezi miwili, nenda kwake moja kwa moja.

Kesho asubuhi, kabla ya yote haya, mwombe mwalimu amhamishie dawati la mbele, upande ambao mwanga wa dirisha haupigi ubaoni. Na siku ya kliniki njoo na daftari lake la kila siku jinsi lilivyo. Mwandiko ulioanza vizuri juu ya ukurasa ukaharibika kuelekea chini unatuambia mengi.